Sifuri ya Chumba cha Vifungo

Kabla hajafungua mkoba wake, kabla hata hajakubali kiti alichopewa, fundi mpya wa kompyuta aligusa waya. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Sindano asubuhi ile. Waya ulikuwa wa kijivu, umepita juu ya mlango wa chumba cha vifungo, umeshikiliwa ukutani na vipande vya kitambaa cha sare, kila kipande na kifungo chake. Waliozoea kuingia humo hawakuwa wakiuona tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Lakini yule fundi, mwanamke mwenye suruali yenye mifuko mingi, aliinua mkono akaupapasa kwa vidole viwili, taratibu, jinsi mteja anayejua kitambaa anavyopapasa kitambaa.

"Huu alitandika nani?" aliuliza.

Sindano alifungua mdomo. Neno lilipanda hadi kooni, likakaa hapo, kama ilivyo desturi yake. Akaishia kunyoosha kidole upande wa dirishani, maana aliyeutandika alikuwa mbali.

"Kaka yake huyo," Mama alijibu kutoka koridoni, akija na funguo zake zikilia kiunoni. "Mwanangu wa kwanza. Alituwekea haya madude, halafu akaenda ng'ambo kuhudumia madude ya wenzake. Sisi akatuachia yanayoganda."

"Kazi yake ni safi lakini."

"Safi, ndiyo. Hata maiti huoshwa."

Jina la kuzaliwa la Sindano lilibaki kwenye cheti tu. Kaka ndiye aliyembandika hilo la Sindano, kwa wembamba wake, na kwa sababu, alivyopenda kusema, sindano haina kelele, lakini itoe uone kama cherehani si chuma tu. Jina likamkaa mwilini kama nguo iliyopimwa vizuri.

Karakana yao ilikuwa nyumba kwanza. Mama alianza kwa kushona sare za shule sebuleni. Kazi ikakua, ikawafukuza chumba baada ya chumba, mpaka familia ikahamia vyumba vya uani. Varanda ikawa mapokezi, yenye meza ndefu ambapo watoto walisimamishwa kupimwa huku wazazi wao wakisisitiza waongezewe upindo wa mwaka kesho. Sebule ikawa chumba cha kukatia, ufalme wa Shangazi na mkasi wake mkubwa. Vyumba vya kulala vikavunjwa ukuta, vikawa chumba kimoja kirefu cha cherehani. Na stoo ya mwisho kabisa, yenye dirisha dogo linalotazama kamba za kuanikia nguo, ikawa chumba cha vifungo. Humo alikaa Sindano peke yake, na makopo yake yaliyopangwa kwa rangi, akishona vifungo na kukata nyuzi kwa meno, ingawa Mama alishamkataza mpaka akachoka.

"Sasa nisikilize, fundi," Mama alisema, akiegemea mlango. "Kazi inatoka mapokezi vizuri. Inafika kwa wifi yangu kwenye kukata, vizuri. Inafika kwenye cherehani. Mara ghafla, kote kimya. Vioo vyote vya kompyuta vimeganda. Tunapiga kelele, 'Sindano, itika!' Akibonyeza, ndipo kila kitu kinaamka. Juzi tumekosa sare za shule ile kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeamua. Wewe tuwekee mtambo mpya, na hiki chumba tukifunge. Vifungo vitashonwa kwa mashine huko huko kwenye cherehani. Na huyu atakaa mapokezi, azoee watu."

Uzi ulimchomoka Sindano mkononi. Mapokezi! Pale ambapo kila anayeingia huanza kwa kusema hujambo na kusimama akingoja. Aliinama kuutafuta uzi sakafuni, na akaendelea kuutafuta hata baada ya kuuona.

"Mapokezi?" Sauti ya Shangazi ilipenya kutoka chumba cha kukatia. "Wifi, wateja si watadhani tumenunua sanamu ya kuvalishia sare?"

"Wewe kata kitambaa chako."

"Nakata. Nasema tu, sanamu nayo ni biashara. Haiombi chai."

Mama alicheka, fundi naye akacheka, na Sindano akacheka kidogo akiwa chini ya meza. Lakini hakutoka huko chini. Chumba hiki ndicho mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyewahi kumwambia, "Sema basi."

*

Zamani, kabla ya waya, nyumba hii iliendeshwa kwa sauti ya Mama. Na sauti hiyo ilikuwa na sheria yake, aliyoirithi kwa Bibi: humwambii mtu kazi kabla hajaitika. Bibi, alipokuwa hai, alisema kumwagia maneno mtu asiyeitika ni kama kumwaga maji kwenye ndoo uliyoipa mgongo. Basi Mama alisimama mapokezi na kuita chumba kwa jina.

"Mkasi!"

"Naam, bosi!" Shangazi aliitika hivyo, kwa kejeli, kila mara.

"Sketi za bluu, kiuno cha lastiki!"

"Cherehani!"

"Tupo!" mafundi wote kwa pamoja, juu ya mngurumo.

"Vifungo!"

Hapo ndipo palipokwama. Sindano alikuwa mdogo bado, ndiyo kwanza ameacha shule. Alisikia. Alisikia tangu Mama anavuta pumzi. Lakini "abee" yake haikuvuka mlango. Ilimbidi aweke kazi chini, apite koridoni, atokeze kichwa mapokezi ili aonekane. Mpaka afike, Mama alishaita hadi sauti imepasuka, na wateja walishageuka kumtazama mtoto asiyeitika.

Na hata shule aliiacha kwa jambo hilo hilo. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa na haraka. Aliita majina asubuhi kama mtu anayehesabu mbuzi wakipita, na ambaye hakuitika aliandikwa hayupo. Sindano alikuwepo. Alikaa dawati la dirishani, vidole vimejaa chaki, maana yeye ndiye aliyefuta ubao. Jina lake lilipoitwa, kifua kilijaa, mdomo ukafunguka, na mwalimu akawa tayari ameshataja jina linalofuata. Mwisho wa muhula Mama aliitwa na kuambiwa mtoto wake ni mtoro. Nyumbani Mama alimuuliza kwa ukali, "Unakwenda wapi kila siku na sare yangu?" Sindano alilia tu. Muhula uliofuata hakurudi, na hakuna aliyemrudisha. Kulikuwa na vifungo vya kushona.

Kaka alikuwa bado nyumbani siku hizo. Alikuwa kijana wa chuo, mrefu, anatembea na kitabu kinene cha kuazima ambacho jalada lake lilishikwa kwa gundi. Jioni za kabla ya giza alikuja kukaa chumba cha vifungo, juu ya gunia la mabaki ya kitambaa, akasoma kwa sauti. Wengine wote walimfukuza. Shangazi alisema kile kitabu kinamtia usingizi hata akiwa amesimama.

"Sikiliza, Sindano," alisema jioni moja. "Programu yangu ni kipofu. Haiuoni waya. Haijui chumba chako kiko wapi, wala kama kuna ukuta katikati. Ila kati yake na waya kuna dirisha, kama dirisha la ofisi. Programu inasimama pale inataja shida yake. Nisajilie jina. Niitie fulani. Nisikilizie. Nipelekee huu ujumbe. Kata. Hayo tu, hakuna porojo. Dirisha ndilo linalojuana na waya. Ukilisemesha vizuri, linakujibu. Ukilikosea neno moja, linakununia mpaka ulie."

Sindano alimwangalia machoni kuona kama amelia. Alikuwa amelia, au hajalala.

"Na majina sasa! Hapo utapenda. Mashine ikitaka jina, inapaza sauti kwenye waya wote: jamani, kuna mwingine humu anaitwa Vifungo? Inangoja. Wote wakinyamaza, basi, jina ni lake." Alijipiga goti kwa furaha. "Unaona? Huko kunyamaza ni jibu! Ungeishi huko, mdogo wangu, ungekuwa mbunge."

Alicheka mpaka gunia likamwaga vitambaa. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akatulia.

"Halafu kuna hili la muda. Ukimwita mtu, lazima uliambie dirisha utangoja jibu lake kiasi gani ndipo uache." Alitafuna penseli. Bila kuinua macho akauliza, "Yule mwalimu wako, alikuwa anangoja kiasi gani?"

Sindano alifikiri. Alikuwa na uzi mkononi. Akaupeleka mdomoni, akaukata. Tk.

Kaka aliutazama uzi ule uliokatika, muda mrefu kuliko ulivyostahili kutazamwa. Halafu akarudi kwenye kitabu chake, na hakuligusa tena jambo hilo.

Mtandao ulipowashwa, ilikuwa kama sherehe. Kompyuta kuukuu zilinunuliwa kwenye ofisi iliyokuwa inahama, zikawekwa moja kila chumba. Ile kubwa, seva yenyewe, ilikaa kwenye kabati la ukutani lililokuwa la vyombo. Kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiita wengine, Kaka aliisajili kwa jina la Bibi. Paka akahamia juu ya kabati siku hiyo hiyo, kwa joto lake. Kila chumba kikabaki na jina lake la zamani. Bibi aliita Mkasi. Kwenye kioo cha Shangazi jina likatokea na kengele ndogo ikalia. Shangazi akabonyeza kitufe kirefu, maana yake naam. Ndipo kazi ikaonekana. Ikaita Cherehani. Ikaita Vifungo.

Kengele ililia chumbani kwa Sindano kwa mara ya kwanza. Aliweka kazi chini. Akabonyeza. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa nyumba, watu waliona kwenye vioo kwamba ameitika, na hakuna aliyehitaji kumsikia.

"Kaitika!" Mama alipaza sauti kutoka mapokezi. "Jamani, kaitika!"

Kaka alikuwa amesimama koridoni na bisibisi mfukoni. Alimkonyeza tu.

*

Fundi mpya alimwomba Sindano amwonyeshe njia za waya. Walizunguka nyumba nzima, mmoja akinyooshea kidole, mwingine akisema "aha" na kutafuna bazoka yake. Fundi hakumsukuma aseme. Alikuwa mtu wa kuongea na mashine zaidi. Alipofungua kabati la seva alimwambia paka, "Shikamoo, meneja," akamwondoa kwa adabu, akaunganisha kompyuta yake ndogo kwa Bibi.

Alisoma programu ya Kaka. Alisoma akicheka puani, kama mtu anayesoma barua ya rafiki. "Mjanja huyu. Zamani ilikuwa hivi, unasimama dirishani mwenyewe, unataja kila kitu. Sasa hivi kuna programu nyingine za kusimama pale kwa niaba yetu." Kisha akaacha kutafuna. Akarudi nyuma. Akasoma tena. Akamtazama Sindano, akatazama kioo.

"Naomba uniitie mama," alisema.

Mama alikuja, na Shangazi akamfuata na mkasi wake mkononi, maana hakuna jambo lililopita nyumba hiyo bila Shangazi kulishuhudia.

"Nimeona kinachogandisha," fundi alisema. "Seva haina ubovu. Waya hauna ubovu. Hii programu inaita chumba kimoja kimoja, na haiendi kwa mwingine mpaka aliyeitwa aitike. Sasa kila chumba amekiwekea muda. Mkasi akichelewa, inaita tena, akikaa kimya inapiga kengele kubwa mapokezi, mtu aende kumtazama, yenyewe inaendelea na wengine. Cherehani vivyo hivyo. Mapokezi vivyo hivyo. Ila Vifungo."

"Vifungo kuna nini?"

"Penye muda ameandika sifuri."

"Sifuri si ndiyo hakuna kungoja?" Shangazi alisema.

"Mtu angedhani hivyo, shangazi. Kwenye dirisha hili ni kinyume. Sifuri maana yake hakuna mwisho. Ngoja mpaka aitike. Akiitika sasa, sawa. Akiitika kesho, sawa. Usikate, usiende kwa mwingine, usipige kengele. Ngoja."

Mama alikunja uso. "Basi alikosea. Alikuwa kijana."

"Wengine wote kaweka sawasawa, mama. Vifungo vimetajwa sehemu nyingi humu, na kila sehemu kaweka sifuri. Mkono haukosei hivyo. Na alijua fika kwamba nyumba nzima itakuwa inasimama."

Kabati lilikuwa likivuma. Paka alirudi juu, akajikunja. Sindano aliona uzi ukikatika, tk, na macho ya Kaka yakiutazama. Miaka yote hii alidhani mashine yake ni nzito. Alidhani yeye ni mzito. Kila walipopiga kelele "Sindano, itika!" aliona aibu, akabonyeza, akajua amewasimamisha watu. Kumbe ndani ya kabati la vyombo kulikuwa na kitu kilichoambiwa kisimchoke.

Mama aliketi juu ya robota la kitambaa. Hakuwa mtu wa kuketi saa za kazi.

"Sare yake ilikuwa inarudi na chaki," alisema, kama anayejisemea. "Mikononi, kwenye mifuko, hadi kwenye kola. Mimi ndiye niliyekuwa nafua. Mtoto mtoro chaki anaipata wapi?"

Shangazi aliuweka mkasi wake chini.

*

Mchana fundi alizima mtandao ili ahamishe kazi kwenye seva mpya, kijisanduku kidogo kisichozidi kitabu. Alisema itachukua muda, na vyumba vitakuwa bila kengele.

"Haina neno," alisema Mama, akisimama na kujikung'uta. "Kwani zamani tulikuwa tunafanyaje?"

Akaenda mapokezi. Mara ikaja ile sauti ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia kwa miaka.

"Mkasi!"

"Naam, bosiii!" Shangazi aliivuta mpaka mwisho wa pumzi, na chumba cha cherehani kikaangua kicheko.

"Mashati meupe, mikono mifupi!"

"Mashati meupe, nimesikia! Na koo lako bado zima, wifi!"

"Cherehani!"

"Tupo!" Wengine walikuwa wageni, hawakuijua desturi ile, wakachelewa, wakaitika mara ya pili peke yao: "Tupo na sisi!" Kicheko tena. Watu walikuwa wamechangamka kama watoto mvua ya kwanza inapopiga bati. Fundi wa kompyuta aliacha bisibisi, akatoka kabatini kusikiliza.

"Vifungo!"

Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti chake, sindano imesimama katikati ya shati. Nyumba ilitulia. Aliwasikia wakitulia. Kifua kilijaa, mdomo ukafunguka, na alijua kinachofuata: Mama ataita tena, kwa sauti ya juu zaidi, kisha tena, kisha itabidi anyanyuke.

Mama hakuita tena.

Alingoja. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Mteja fulani huko mapokezi alianza kuuliza kitu, na Mama akasikika akimwambia kwa upole, "Subiri kidogo, mwenzangu, kuna mtu namngoja." Kisha kimya tena. Hakikuwa kimya cha hasira, Sindano alikijua kile. Hiki kilikuwa kama kiti kilichovutwa ili mtu akae.

"Abee," alisema.

Ilitoka ndogo, imekwaruza, kama mlango wa stoo. Lakini ilitoka. Ikavuka kizingiti, ikapita koridoni kwa miguu yake yenyewe.

"Vifungo vyeupe vyenye matundu manne!" Mama alipaza, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Vya kola viwe vidogo!"

"Nimesikia, mama."

"Jamani, sanamu imesema!" Shangazi alidakia. "Chai yangu iko wapi, maana sasa ataanza kuomba!"

Fundi alipokuja chumba cha vifungo baadaye, alimkuta Sindano anashona upesi upesi, masikio yamemwiva. Alikaa kwenye gunia lile lile, kompyuta yake mapajani.

"Nimefika kwako," alisema. "Nataka kukuuliza, mdogo wangu, maana chumba ni chako. Hii programu mpya haisimami. Inaweza kumngoja mmoja huku inaendelea na wengine. Kwa hiyo nikitaka, naiacha sifuri yako kama alivyoiweka. Haitamgandisha mtu tena. Niiache?"

Sindano aliinua macho kwenye waya juu ya mlango. Vile vipande vya kitambaa walivikata pamoja. Yeye ndiye aliyechagua vifungo: vya njano kwa sababu Kaka alipenda njano, na kimoja cha kijani walipoishiwa. Angeweza kusema niachie. Ilikuwa yake. Hakuna kitu kingine duniani kilichowahi kumngoja namna ile, bila kuguna, mchana kutwa.

Lakini alikumbuka pia siku aliyougua homa humu ndani, amelala juu ya meza, na Bibi wa kabatini anaita, anangoja, anangoja, kwa uvumilivu wote, na kengele ya mapokezi haikulia, kwa hiyo hakuna aliyekuja mpaka Shangazi alipochoka kusubiri akaja kumtukana.

"Niwekee kama wengine," alisema.

"Kama wengine?"

"Ndiyo. Nikichelewa, kengele ilie. Mtu aje aniangalie."

Fundi alizungusha bazoka yake mdomoni, akaandika namba. "Haya. Dakika ni zako, usilale."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana tangu lini. Alitazama makopo yaliyopangwa kwa rangi, gunia, dirisha dogo. Alishika kishikizo cha mlango, akakizungusha kama anayekagua kitasa.

"Hiki chumba," alisema, "kinahitaji rangi. Mwezi ujao tukipake." Akaondoka na funguo zake.

*

Kaka alipiga simu jioni, watu wakifunga kazi. Alipiga kila wiki, na simu ilizunguka kwa utaratibu: Mama kwanza, kwa habari za afya, Shangazi, kwa ugomvi, mwisho Sindano, ambaye alishika simu sikioni na kusikiliza. Kaka alizoea. Alikuwa akimsimulia mambo ya kazini kwake, vyumba vikubwa vya baridi vyenye mashine zisizohesabika, zinazoitana usiku na mchana na hakuna hata moja yenye jina la mtu. Kisha husema, "Haya, najua upo," na kukata.

Leo Mama alikaa na simu muda mrefu, akiwa ameipa nyumba mgongo, anaongea chini chini. Kisha Shangazi akaichukua, akasema, "Wewe mtoto! Miaka yote kumbe ulitugandisha kwa makusudi! Ukija, nakukata hizo ndevu kwa mkasi wa kitambaa." Akasikiliza, akacheka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akampa Sindano simu.

Sindano akaenda nayo chumba cha vifungo. Waya wa kijivu ulikuwa umeshashushwa, umeviringwa juu ya meza. Ukutani palibaki mistari ya rangi safi ulipokuwa umepita. Vile vifungo alikuwa amevikata kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo lake mwenyewe.

"Sindano," Kaka alisema.

Kulikuwa na mlio wa magari upande wake, na upepo. Alikuwa njiani. Sindano alikumbuka asubuhi ya kuondoka kwake, gari likipiga honi getini, Mama akilia, Shangazi akimtukana dereva kwa haraka yake. Kaka alikuwa ameinama anahangaika na zipu ya begi iliyopasuka, na katika kuinama huko akasema, haraka, kama mtu anayesema jambo dogo: "Sindano, nikikuita kutoka huko, utaniitika?" Kisha honi tena, na begi, na kukumbatiana, na gari. Swali lilibaki pale pale getini. Hakulirudia tena katika simu zote hizo. Pengine alidhani alishapata jibu.

"Wameizima seva, nasikia," Kaka alisema. "Na sifuri umeikataa. Mama kaniambia." Alicheka, lakini si sana. "Umefanya vizuri. Nilikuwa sijui namna nyingine, basi tu." Magari yakapita. "Haya, mdogo wangu. Najua upo."

Hakukata. Alikuwa akingoja, kama alivyongoja siku zote, bila kuhesabu.

"Abee, kaka," Sindano alisema.

Upande wa pili hatua zikasimama.

"Siku ile getini niliitika," alisema. "Kwa kichwa. Ulikuwa umeinama kwenye begi, hukuniona."